Baraka: Sekunde 11 za mama aliyekuwa hana picha

BARAKA, Fizi. Familia moja ilipokimbia kutoka vijiji vya upande wa Minembwe mwaka 2019, mama wa nyumba alibeba sufuria moja, mablanketi mawili, Biblia na kopo la bati la biskuti. Njiani, kwenye mteremko wa kushuka ziwani, wenzake walimshangaa. Mmoja alimwambia: "Mama, wengine wanabeba unga, wewe unabeba kopo tupu?"

Kopo halikuwa tupu. Ndani mlikuwa na bobini nne ndogo za plastiki, kila moja ikienea katika kiganja cha mkono, na juu yake umezungushwa mkanda mwembamba wa filamu. Ni filamu za zamani, za aina inayoitwa Super 8. Mama huyo, ambaye leo ana miaka 58 na anaishi Baraka kwa familia iliyompokea, hakuwa na chombo cha kuzionyesha. Hakuwa hata na uhakika kama bado zina kitu. Alichojua ni kwamba katika moja ya bobini hizo yumo mama yake mzazi, aliyefariki yeye akiwa na miaka tisa. Picha nyingine ya marehemu haikuwapo popote. Chache zilizokuwa ukutani ziliungua pamoja na nyumba, na hata katika hizo mama mzazi hakuwamo.

Hii ndiyo habari ya bobini hizo, za kijana aliyezifungua, na ya kazi iliyotokea kuwa ngumu zaidi ya kutoa picha ndani ya mkanda.

Zilivyofika milimani

Baba wa mama huyo alikuwa mpishi katika nyumba ya wamisionari. Wamisionari si wageni katika eneo hili. Wapentekoste kutoka Sweden walifika upande wa Uvira mwaka 1921, na baada yao wakaja wengine, wa makanisa na nchi mbalimbali, wakajenga vituo, shule na hospitali ziwani na milimani. Wengi walikuwa na kamera. Walipiga picha ili kanisa lililowatuma huko Ulaya au Marekani lione kazi na litoe msaada.

Kamera za filamu zilikuwa nzito na za bei kubwa mpaka kampuni ya Kodak ilipoanza kutengeneza mikanda ya watu wa kawaida: ya milimita 16 mwaka 1923, kisha ya milimita 8 mwaka 1932. Mwaka 1965, wakati huku Fizi na Baraka watu walikuwa msituni kwa sababu ya vita vya Simba, Kodak ilileta Super 8. Mkanda huu ulikuja ndani ya kasha la plastiki. Mtu aliingiza kasha ndani ya kamera, akafunga, akaanza kupiga. Hata mtu asiye fundi aliweza.

Mmisionari wa habari hii alipiga filamu zake katika miaka ya 1970, wakati wa Zaire. Rangi za mikanda ya Kodachrome hazikuweza kutolewa hapa, kwa sababu dawa zake zilihitaji maabara maalum. Kasha lilitumwa kwa posta mpaka Ulaya, likasafishwa huko, likarudishwa. Miezi ilipita. Na katika miezi hiyo, mke wa mpishi aliugua akafariki.

Mama wa Baraka anaikumbuka jioni mkanda uliporudi. Shuka nyeupe lilitundikwa ukutani, jenereta likawashwa, watu wakakaa chini. Ng'ombe wakapita kwenye shuka, watoto wakacheka. Kisha akatokea mama yake, akitembea, siku chache tu baada ya wao kumaliza matanga. Wanawake walianza kulia. Baba alisimama akamwomba mzungu azime. Mashine ikazimwa.

"Niliona kidogo tu," anasema mama huyo. "Nilikuwa mtoto. Nilifikiri mama amekwenda kukaa ndani ya ile mashine, na kwamba wakiiwasha tena atatoka."

Haikuwashwa tena mbele yake. Wamisionari walipoondoka walimwachia mpishi bobini nne pamoja na projekta. Projekta ilikosa taa, kisha ikakosa mkanda wa kuzungushia, mwishoni ikawa mchezo wa watoto ikapotea. Bobini zilibaki ndani ya kopo la biskuti, juu ya dari, karibu miaka 50.

Harufu ya siki

Kijana aliyezifungua ni mtoto wa kaka yake. Ana kibanda cha kutengeneza simu Baraka. Shangazi yake alimpelekea kopo siku moja ya mvua, wakati hakuna wateja, akamwambia: "Mwanangu, wewe unafungua simu za watu zilizokufa. Nifungulie na hii."

Alipotoa kifuniko, harufu kali ilimpiga puani, kama chupa ya pilipili iliyotiwa siki. Alifikiri kuna kitu kimemwagika ndani. Baadaye, baada ya kusoma kwenye intaneti usiku ambapo megabaiti ni rahisi, alielewa kwamba harufu hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa plastiki inayoitwa asetati. Ikikaa miaka mingi penye joto na unyevu, asetati huanza kuvunjika na kutoa asidi ileile iliyo katika siki. Asidi hiyo nayo inazidisha kuvunjika, na mvuke wake unaambukiza bobini iliyo jirani. Mkanda unasinyaa, unajikunja, unakuwa mkavu kama jani la mhindi. Hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Kinachowezekana ni kupunguza mwendo wa ugonjwa kwa kuuweka mahali pa baridi na pakavu penye hewa, na kutoa picha mapema kabla haujafa.

Kosa la kwanza alilifanya siku hiyohiyo. Alivuta kichwa cha mkanda kwa vidole, akauinua kwenye mwanga wa dirisha ili aone, ukakatika. Shangazi yake alikuwa amesimama hapo. Hakusema neno, akashika mdomo tu. Kijana anasema hajawahi kuvunja simu ya mtu akaumia vile.

Kosa la pili alikaribia kulifanya wiki iliyofuata. Mtu mmoja mjini alimwambia kwamba anajua mahali kuna projekta ya zamani, na kwamba wakiipata watamulika ukutani na kurekodi kwa simu, kazi imekwisha. Ni njia ambayo watu wengi hufikiria, na kwa mkanda wenye afya inatoa picha, ingawa inapepesapepesa. Lakini mkanda uliosinyaa ni jambo lingine. Projekta huvuta mkanda kwa meno yanayoingia katika vitobo vya pembeni. Mkanda ukiwa mfupi kuliko ulivyokuwa, vitobo havikutani tena na meno, na mashine inaupasua kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tena ukikwama mbele ya taa ya moto, picha inayeyuka. Aliposoma hayo aliacha wazo la projekta.

Vyombo vya fundi simu

Kilichomsaidia ni kwamba meza ya fundi simu ina karibu kila kitu. Kuna kibano chembamba, kuna kioo cha kukuza, kuna taa, na kuna ile alkoholi kali ya isopropili ambayo mafundi wanasafishia bodi za simu zilizoanguka majini. Alkoholi hiyo hukauka haraka, na ndiyo inayotumika pia kufuta ukungu juu ya mkanda wa filamu. Maji hayafai, kwa sababu picha imekaa ndani ya utando wa jelatini ambao ukilowa unalainika na kutoka.

Alivaa glovu za pamba. Upande wa mkanda unaong'aa aliupangusa kwa kitambaa laini chenye alkoholi kidogo. Upande usiong'aa, ambao ndio wenye picha, aliugusa kwa tahadhari zaidi, sehemu zenye ukungu peke yake, kwanza kwa brashi kavu. Mahali mkanda ulipokatika hakuweka solotepu ya kawaida, maana gundi yake inavuja na kushikamanisha mizunguko. Aliacha vipande viwili vilivyo, akavipiga picha kila kimoja peke yake, kisha akaviunga ndani ya kompyuta.

Mashine yake ilikuwa hivi. Alimwomba seremala amchongee kipande cha mbao chenye mfereji mwembamba wa kupitishia mkanda, na katikati yake tundu la kuonyesha picha moja. Chini ya tundu aliweka taa ya LED ya sola. Juu ya taa aliweka kipande cha kifuniko cheupe cha ndoo, ili mwanga usambae sawasawa. Juu ya yote alifunga simu kwenye kigingi, na mbele ya kamera yake akabandika lenzi ndogo ya kukuza. Kisha akavuta mkanda kwa mkono, picha moja, akabonyeza. Picha nyingine, akabonyeza.

Hapo ndipo mtu anapoelewa filamu ni nini. Ni picha zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia. Bobini moja ya Super 8 ina mkanda wa mita 15, na katika mita hizo kuna picha 3,600. Zikipita picha 18 kwa kila sekunde, filamu nzima inachukua dakika 3 na sekunde 20. Kijana alikuwa anapata picha kumi hivi kwa dakika. Maana yake ni saa sita za kubonyeza kwa bobini moja, bila kuhesabu wateja, umeme wa sola kuisha, na macho kuchoka. Bobini ya kwanza ilimchukua siku nne.

Picha ya kila bobini aliipanga kwa namba, akazisawazisha kwa kufuata kitobo cha pembeni ili zisirukeruke, kisha akaziunga ziwe video kwa programu ya bure inayoitwa ffmpeg. Usiku huo alimwita shangazi yake.

Alikuwa ameweka kasi ya picha 25 kwa sekunde, ambayo ndiyo ya kawaida katika video. Ng'ombe walipita mbio. Watu wakakimbia sokoni kama kuku wanaofukuzwa. Kisha akatokea mwanamke mwenye kitenge cha njano, akatembea kwa haraka, akageuka, akapotea.

Mama aliangalia mpaka mwisho. Akasema: "Ni yeye. Lakini mama yangu hakuwa anatembea hivyo."

Kijana alikumbuka aliyoyasoma. Alirudisha kasi kuwa 18, akairudia. Mwanamke wa kitenge cha njano akatokea tena, sasa akitembea polepole, kikapu mkononi. Akasimama mbele ya muuza samaki. Akasema kitu. Akageuka kuelekea kamera, akacheka, akafunika mdomo kwa mkono kama watu wanavyofanya wakiona aibu. Sekunde 11. Picha 198.

Safari hii mama hakusema kitu. Baada ya muda aliomba irudiwe.

Rangi na hasara

Bobini ya kwanza ilikuwa ya Kodachrome, na rangi zake zilikuwa zimekaa vizuri: njano ni njano, majani ni majani. Mikanda ya aina hiyo ikikaa gizani haichujuki haraka. Leo haisafishwi tena popote kibiashara. Maabara ya mwisho, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons huko Kansas, Marekani, ilifunga kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 2010. Bobini ya pili ilikuwa ya mkanda wa aina nyingine, nayo yote ilikuwa imegeuka nyekundu, milima nyekundu na mbingu nyekundu. Kijana alirudisha kijani na buluu kidogo kwa kompyuta, lakini aliweka pia nakala isiyoguswa, kwa kuwa anayekuja baadaye huenda akawa na ujuzi zaidi.

Bobini ya tatu ilitoa nusu tu. Nusu nyingine picha zilikuwa zimetoka kwenye plastiki kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Ya nne haikufunguka. Mizunguko imeshikamana, umbo limepinda. Juu ya kasha lake kuna mwandiko wa mpishi kwa kalamu ya risasi: "Noeli". Kijana aliijaribu kwa ukucha mara moja, akaacha. Ziko mashine katika maabara za nje zinazopitisha mkanda juu ya rola laini, bila meno, na zinaweza kusoma filamu iliyosinyaa ambayo projekta ingeiua. Kulazimisha kwa kibano kungekuwa kuharibu kile ambacho mwingine angeweza kuokoa.

Wasio na majina

Filamu za Congo ya zamani zilizohifadhiwa vizuri ziko mbali. Nyingi ziko Brussels, katika hazina ya filamu inayoitwa Cinematek, na Tervuren, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Mwaka 2010 taasisi hizo, pamoja na KADOC ya Leuven, zilitoa katika DVD filamu za wakati wa Wabelgiji zilizopigwa na Ernest Genval, André Cauvin na Gérard De Boe. Ni kazi nzuri, na bila hiyo mikanda ile ingekuwa siki. Lakini katika filamu za namna hiyo, jina linalojulikana kwa kawaida ni la aliyeshika kamera. Wanaopita mbele yake wakibeba mizigo, wakicheza ngoma au wakiuza sokoni, mara nyingi hawana jina.

Familia ya Baraka iliona hatari hiyohiyo katika bobini zake. Soko lile lilikuwa na watu wengi. Mama aliwatambua watatu tu. Alimwambia kijana: "Nikifa mimi, huyu wa njano atakuwa mwanamke tu."

Ndipo ikaanza kazi ya pili. Kijana alitoa sura za watu mojamoja, akazipa namba, akaanza kuzituma kwa wazee walipo. Na wazee wa milimani na wa ziwani leo wako kila mahali. Wapo Baraka na Uvira. Wapo Bujumbura. Wapo Nakivale huko Uganda. Wapo Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliovuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini, wengi wao watu wa Fizi. Kila mzee alisikiliza, akaangalia kwenye simu ya mjukuu, akajibu kwa sauti.

Majibu yalikuja polepole. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi. Huyu si yule unayefikiri, ni mdogo wake. Yule mtoto mwenye shati la mistari ndiye huyo anayekujibu sasa. Wazee wawili walipingana juu ya mtu mmoja mwenye kofia, na wote wawili waliandikwa. Kijana alinunua daftari. Katika kila mstari aliweka namba ya picha, jina, na nani aliyelisema. Pasipo na jina aliandika "bado".

Kisha ujumbe ukatoka Nyarugusu. Sauti ilikuwa ya mama mzee. "Huyo muuza samaki, anayeongea na wa njano, ni dada yangu mkubwa. Alikuwa anapanda milimani na ndagala na mawese, anashuka na maharage na viazi. Mimi sijaona uso wake tangu tulipovuka. Nilikuwa nimeanza kuusahau."

Kwa hiyo sekunde 11 hazikuwa za familia moja. Zilikuwa za familia mbili, moja ya milimani na moja ya ziwani.

Picha ilipotoroka

Jambo ambalo familia haikulitazamia lilitokea baada ya wiki chache. Mtu mmoja aliyetumiwa kipande cha video alikipeleka katika kundi la WhatsApp lenye watu wengi. Huko mwingine alikikata, akabaki na ng'ombe na soko, akaandika chini maneno ya ugomvi juu ya nani mwenye nchi na nani mgeni. Wengine wakajibu kwa matusi. Kabla ya jioni kipande kilikuwa kimefika kwa kijana mwenyewe kutoka kwa mtu asiyejua kilikotoka.

Wakaaji wa Fizi wanajua maneno ya namna hiyo yanavyofika mbali kuliko anayeyaandika. Kijana aliogopa. Alitaka kufuta kila kitu. Shangazi yake alimkataza. Badala yake aliomba kuingizwa katika kundi lile, akarekodi sauti yake, si zaidi ya dakika moja:

"Huyo mnayemgombania ni mama yangu. Na huyo anayempa samaki ni rafiki yake, nduguye yuko hai Nyarugusu. Siku hiyo hawakuwa wanagombana, walikuwa sokoni. Wamekwisha kufa. Ninawaomba, msiwagombanishe."

Baadhi walinyamaza. Wachache waliomba radhi. Aliyeandika maneno yale alitoka katika kundi. Kipande hakijafutika chote, na huenda hakitafutika. Kitu kikishatoka katika simu yako, hakirudi.

Tangu hapo familia mbili zina makubaliano. Video nzima haitumwi katika kundi lolote. Mzee anayeombwa jina anatumiwa sura ya mtu mmoja tu, si soko lote. Anayetaka kuona filamu anakuja nyumbani, au anaonyeshwa na mwanafamilia aliye karibu naye. Na hakuna kitakachotolewa mbele ya watu bila mama wa Baraka na mama wa Nyarugusu kukubali wote wawili.

Kwa walio na kopo nyumbani

Tangu habari isikike, watu wengine wamemletea kijana mikanda: bobini moja iliyokuwa kwa mchungaji mstaafu, kaseti za video za harusi, hata kanda za sauti. Anachowaambia ni mambo machache, na yanafaa kwa kila familia.

Usivute mkanda kwa vidole, na usiutie katika projekta kabla ya fundi kuuangalia. Ukinusa siki, tenga bobini hiyo na nyingine, usiifungie katika plastiki isiyopitisha hewa, iweke mbali na bati la paa na mbali na jiko. Usitupe kasha wala karatasi yenye mwandiko, kwa sababu mara nyingi ndiyo yenye tarehe na mahali. Usitupe mkanda hata baada ya kupata video, kwa kuwa mkanda ndio asili, na video ni nakala yake tu.

Nakala nazo ziwe tatu. Mbili zikae katika vyombo tofauti, kwa mfano kompyuta na diski ya nje. Ya tatu ikae mbali, kwa ndugu wa mji au nchi nyingine. Video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa ubora. Itumwe kama dokumenti, au ipelekwe kwa fleshi mkononi mwa msafiri unayemwamini. Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa kwa nini. Simu huibwa barabarani, nyumba huungua, na familia hutawanyika kwa usiku mmoja. Nakala iliyo Bujumbura au Nakivale haiungui na ya Baraka.

Na kabla ya yote, majina. Mkanda unaweza kungoja mwaka mmoja zaidi ukikaa pabaridi. Mzee wa miaka 80 hakuna anayeweza kumwahidi mwaka. Kati ya wazee waliotoa majina katika daftari la kijana, mmoja amekwisha kufariki. Alikuwa ametaja watu wanne ambao hakuna mwingine aliyewajua.

Alichokuwa anasema

Filamu ya Super 8 ya mmisionari yule haina sauti. Mama wa Baraka ameiangalia mara nyingi, akitazama midomo ya mama yake anapozungumza na muuza samaki, asijue anasema nini. Alijaribu kusoma maneno, akashindwa.

Mwezi uliopita mtandao ulikuwa mzuri, na mama wawili walionana kwa simu ya video, wa Baraka na wa Nyarugusu. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana watoto, wakaombeana pole za miaka yote. Kijana akawaonyesha tena kile kipande, polepole, mara mbili. Mama wa Nyarugusu alisogeza uso karibu na simu, kisha akacheka mpaka akafuta macho.

"Sasa hapo kuna siri gani?" alisema. "Anamwambia dada yangu kwamba samaki ni ghali. Kila Jumatano alikuwa anasema hivyo, na kila Jumatano alikuwa ananunua."

Bobini ya nne, ile ya Noeli, iko bado Baraka, katika chumba cha nyuma ambako hakuna joto sana, peke yake, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Mama amekataa kuituma kwa posta. Anasema itasafiri siku atakapopatikana mtu wa kuibeba mkononi, na mtu huyo atakwenda na daftari la majina.